Ana watoto? Wako wapi usiku huu?

Mgonjwa wa akili akifikishwa hospitali usiku, ndugu waliomleta huulizwa mengi. Hali hii imeanza lini? Aliwahi kuugua hivi zamani? Anakunywa pombe, anavuta bangi? Analala? Kwenye ukoo yuko mwingine mwenye shida kama hii? Ni maswali ya lazima, kwa sababu bila majibu yake daktari hajui anatibu nini. Lakini yako mawili ambayo mara nyingi hayaulizwi, na ndugu wenyewe kwa jinsi walivyochanganyikiwa hawayakumbuki: ana watoto? Wako wapi usiku huu?

Wako nyumbani. Mkubwa, tuseme ana miaka 11, amefunga mlango kwa komeo, amewagawia wadogo zake ugali uliobaki, na sasa yuko macho anasikiliza nje. Jioni alimwona mama yake akishikwa na wanaume wanne, akafungwa mikono kwa kanga, akapakiwa kwenye gari la jirani huku akimwita yeye kwa jina. Hakuna aliyemgeukia kumwambia mama anapelekwa wapi na atarudi lini.

Watoto wa namna hiyo ni wengi kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970, yaani mmoja katika kila wanane duniani, walikuwa wakiishi na tatizo fulani la afya ya akili. Wengi wao ni baba na mama za watu. Skizofrenia, inayomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, na baipola, inayompandisha na kumshusha hisia kupita kiasi, magonjwa ambayo mtaani yote huitwa kichaa, mara nyingi huanza kati ya ujana na miaka ya 30, umri uleule ambao watu huoa, huolewa na kuzaa. Na kwa makadirio ya shirika hilohilo, katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, ule mzigo wa huzuni usiotua hata mtu akibembelezwa vipi.

Kimya chetu

Ukiwauliza ndugu kwa nini hawajamwambia mtoto kitu, watakujibu kwa nia njema kabisa. Bado mdogo, haelewi. Tusimtie hofu. Atasahau. Kwa maoni yangu hapa ndipo tunapokosea kuliko popote pengine. Mtoto ameshaona. Ameona sahani zikivunjwa, ameona mama akiongea na ukuta, ameona baba akilala siku ya tatu mfululizo bila kuoga. Alichokosa ni maelezo, na mtoto asiyepewa maelezo hujitungia yake.

Vya kutungia anavyo tele. Tanzania nzima jina la hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyopo tangu mwaka 1927, limegeuzwa tusi. Shule za msingi mtoto akijikwaa kwenye hesabu, wenzake humpigia kelele kwamba anafaa apelekwe Mirembe. Nairobi hufanya vivyo hivyo na Mathari, iliyoanza mwaka 1910. Sasa mfikirie mtoto anayesikia jina hilo likichekewa wakati wa mapumziko, na yeye anajua kwamba mama yake yuko huko kweli. Akirudi nyumbani anamkuta shangazi akimnong'oneza jirani kuwa haya ni mambo ya upande wa pili, ukoo wa kina mama, na wote wawili wananyamaza ghafla wanapomwona mlangoni.

Maelezo mabaya kuliko yote, hata hivyo, ni yale anayojipa mwenyewe: ni mimi. Mtoto wa miaka mitano au sita bado anaamini kwamba mambo makubwa hutokea kwa sababu yake. Jana alimwaga maziwa, mama akafoka. Leo mama amechukuliwa. Kwake la kwanza ndilo lililozaa la pili, na hatamwambia mtu, kwa sababu nani hutangaza kosa kubwa namna hiyo?

Tena wako watoto ambao kosa hilo hawakulitunga, walipewa. Katika kila wanawake 1,000 wanaojifungua, mmoja au wawili hupatwa na ugonjwa mkali wa akili, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za kwanza. Usingizi unakata kabisa, mama anachanganyikiwa, anasikia au kuamini mambo yasiyokuwepo. Hiyo ni dharura ya hospitali kama ilivyo kutoka damu nyingi, na inatibika. Wengi hurudi katika hali yao. Hutokana na mwili kubadilika kwa ghafla baada ya uzazi, kukosa usingizi, na mara nyingi mwelekeo wa baipola uliokuwemo tangu kabla ya mimba. Lakini kwenye familia habari yote hiyo husimuliwa kwa sentensi moja: mama yenu alikuwa mzima, kaanza kuumwa alipomzaa huyu. Na huyu yupo, amekaa pale pale kwenye mkeka, anasikia. Kama katika ukoo wenu yuko mtoto anayeitwa huyu kwa namna hiyo, naomba sentensi hiyo ikome leo.

Kichanga naye anaona

Pengine utasema, wa miezi minne je? Huyo hana swali. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alifanya jaribio rahisi sana. Mama alicheza na mwanawe kama kawaida, kisha akaombwa autulize uso wake kwa dakika chache tu: amtazame mtoto bila kutabasamu, bila kumjibu. Mtoto alitabasamu kwanza. Akanyoosha mikono, akaita kwa zile sauti zake. Alipoona hajibiwi aligeuza macho pembeni, wengine wakaangua kilio.

Sonona huufanya uso wa mama uwe hivyo kwa wiki na miezi, naye hataki. Matibabu ya mtoto hapo huanza kwa kumtibu mama. Wakati mama anapata nafuu, mtoto anahitaji nyuso nyingine zinazomjibu, na hapa nyumba zetu zenye watu wengi ni mali kubwa: bibi, mama mdogo, kaka mkubwa, jirani, kila mmoja anampokea kidogo, anamchezesha, anamwongelesha. Siku 40 za uzazi, pale desturi hiyo ingali hai, ndizo za kumwangalia mama vizuri kuliko zote. Anakula? Akipata nafasi ya kulala, usingizi unakuja? Anamtazama mtoto? Kliniki mtoto atapimwa uzito na kuandikwa kwenye kadi kila mwezi. Mama aliyembeba aulizwe naye.

Umwambie nini, na kwa maneno gani

Mtoto hahitaji mhadhara. Anataka majibu ya maswali ambayo hajathubutu kuyatamka: mama ana nini, ni mimi niliyesababisha, je nami nitaugua, na nani atanitunza.

Kwa mtoto wa miaka minne maneno machache yanatosha. "Mama anaumwa. Ugonjwa wake unamfanya alie na alale sana. Wewe hujakosea kitu. Daktari anamsaidia, na wewe utalala kwa bibi mpaka arudi." Ataliuliza tena kesho, na keshokutwa. Mjibu kwa maneno yaleyale, maana mtoto mdogo hurudia swali ili kuhakikisha kwamba jibu halijabadilika.

Wa miaka tisa anataka kujua ugonjwa unafanyaje kazi. Unaweza kuanzia kwenye anachokijua: "Unakumbuka ulipougua malaria ukatetemeka bila kutaka? Ugonjwa wa mama uko kwenye ubongo, na ubongo ndio unaotufanya tufikiri na tusikie. Ukiugua, mama anasikia sauti ambazo mimi na wewe hatuzisikii. Kwake ni za kweli, ndiyo maana anazijibu. Siku ile aliposema wewe si mwanawe, ugonjwa ulikuwa umemzidi. Hukuusababisha wewe, na kuuponya si kazi yako."

Tazama maneno hayo, "siku ile". Watu wazima wengi wakishapata ujasiri wa kuongea hueleza ugonjwa kwa jumla na kukwepa tukio lenyewe, kwa sababu linaumiza kulitaja. Mtoto hahangaiki na ugonjwa kwa jumla. Anahangaika na Jumanne aliyomwona baba yake akitembea mtaani bila nguo na wenzake wakimfuata kwa nyuma. Usipoigusa Jumanne hiyo bado hujaongea naye.

Kijana wa miaka 15 ameshatafuta kwenye simu. Muulize kwanza amesoma nini, kisha msahihishe pale palipopotoka. Mtajie ugonjwa kwa jina lake, mweleze kwamba huweza kutulia miaka mingi na huweza kurudi, na usimwahidi tarehe ya mama kutoka wodini kama daktari mwenyewe hajaitoa. Ahadi moja ikivunjika, kila utakalosema baada ya hapo litapimwa kwa hiyo.

Kuna jambo linalosahaulika karibu kila nyumba, nalo ni dawa. Dawa za zamani ambazo ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi katika vituo vyetu, kama haloperidol na kloropromazini, zinaweza kumfanya mtu awe mzito, mikono itetemeke, shingo ikaze, mate yamtoke, alale mchana kutwa. Mtoto aliyemuaga mama mwenye kelele na nguvu anarudishiwa mama anayekokota miguu. Anahitimisha kwamba hospitali ndiyo imemharibu, na siku mama akisema hataki tena vidonge, mtoto atakuwa upande wake. Mweleze mapema: kutetemeka kunatokana na dawa, daktari anaweza kupunguza au kubadilisha, ndiyo maana tunarudi kliniki.

Anayefaa zaidi kusema yote haya ni mzazi mwenyewe, akiwa ametulia. Najua ni vigumu. Lakini mtoto aliyesikia kutoka kwenye kinywa cha mama yake, "nilipokuwa mgonjwa nilikutisha, pole mwanangu," amepata ruhusa ya kuuliza, na mama naye amerudi kwenye nafasi yake ya kuwa mama mbele ya wanawe. Kama hawezi, basi mtu ambaye mtoto anamwamini, mzazi yupo au amekubali.

Mtoto wa nyoka

Methali ipo na watu huitumia: mtoto wa nyoka ni nyoka. Huwafuata watoto hawa mpaka ukubwani. Ikija posa, wazee wa upande ule huuliza kimyakimya kama kwenye ukoo kuna kichaa, na uchumba huvunjika bila sababu kutajwa. Kijana mwenyewe, kila akikosa usingizi siku mbili, anajiuliza: ndiyo imeanza?

Apewe hesabu kamili. Skizofrenia huwapata takriban mtu mmoja katika kila 100. Kwa mtoto ambaye mzazi wake mmoja anaugua, uwezekano hupanda hadi kama mmoja katika 10. Umepanda, na kumficha ni kumdanganya. Lakini ndani ya hesabu hiyohiyo, tisa katika 10 hawaupati. Hata mapacha wa kufanana, waliorithi vilevile kwa kila kitu, mmoja akiugua mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Urithi ni sehemu; mengine ni maisha, na baadhi yake yako mikononi mwa kijana. Bangi, hasa ikianza mapema, huongeza hatari kwa mtu mwenye mwelekeo huo. Rafiki yake anaweza kuivuta na asipate kitu, yeye asijaribu. Usingizi aulinde. Na akianza kuona mambo hayaendi sawa asijifiche kwa aibu, kwa sababu ugonjwa unaotibiwa mapema huwa mwepesi kuliko ulioachwa ukakomaa. Sonona na wasiwasi ni magonjwa ya kawaida zaidi kwa watoto hawa kuliko skizofrenia, na yote mawili yana tiba.

Mtoto anapokuwa mzazi wa mzazi wake

Mtoto wa miaka 11 niliyeanza naye anajua mambo ambayo daktari hayajui. Anajua kwamba mama akianza kupanga vyombo saa nane za usiku, baada ya siku tatu hali itachafuka. Anajua visu vinafichwa wapi. Anahesabu vidonge kwenye pakiti kabla ya kwenda shule na kuvihesabu tena akirudi. Anadanganya kwa mwalimu, kwa mwenye duka, kwa baba mwenye nyumba. Amekuwa mzazi, na wageni wakija humsifu: huyu mtoto ana akili za kiutu uzima.

Sitaki kudharau msaada wa mtoto. Katika nyumba zetu mtoto kuchota maji, kupika na kubeba mdogo wake ni malezi ya kawaida, na kumsaidia mgonjwa kunaweza kumjenga. Kinachomvunja ni pale anapoachiwa wajibu usio na mtu mzima nyuma yake, hasa wajibu wa kulinda uhai. Mtoto asilale na mama usiku ili kuhakikisha hajidhuru. Kama mzazi amesema maneno ya kutaka kufa, hilo ni la watu wazima na la hospitali, siku hiyohiyo. Mtoto akiachiwa zamu hiyo, na baya likatokea akiwa amepitiwa na usingizi, atalibeba maisha yake yote.

Basi ndugu wakaja kusaidia, na hapo mara nyingi hufanyika kosa jingine ambalo hatulioni kuwa kosa. Kikao kinakaa, watoto wanagawanywa. Mkubwa kwa baba mkubwa Mwanza, wa pili kwa shangazi, kitinda mimba kwa bibi mzaa mama. Kila mmoja amepata pa kulala na ukoo umetimiza wajibu. Watoto, ambao wiki moja imewachukulia mama, sasa wametenganishwa wao kwa wao, watu pekee duniani waliojua yaliyotokea ndani ya ile nyumba. Binti mara nyingi huishia kuwa mfanyakazi asiyelipwa kwa shangazi, na shule hudorora. Najua hakuna ndugu mwenye nyumba ya kupokea watoto wanne kwa urahisi. Lakini kabla ya kugawa, iulizwe: haiwezekani mtu mmoja ahamie kwao kwa miezi miwili? Haiwezekani wakae wawili wawili? Na wakitengana, nani ana simu ya kuwaongelesha kila Jumapili?

Hofu hiyohiyo ya kunyang'anywa watoto ndiyo huwazuia wazazi wengi kwenda hospitali mapema. Mama anajua kwamba akikiri anasikia sauti, mawifi watakuja na gari. Anayemhakikishia kwamba kutibiwa ndiko kutakakomwezesha kubaki na wanawe, na kweli akasimamia hilo, amewasaidia watoto kuliko mfuko wa unga.

Mtu mmoja asiyetetereka

Mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, walizaliwa watoto 698 ambao mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi, mpaka utu uzima. Kama theluthi yao walikulia katika mazingira magumu: umaskini, ugomvi, ulevi au ugonjwa wa akili wa mzazi. Werner aliona kwamba katika hao, mmoja kati ya watatu alikua vizuri, akasoma, akafanya kazi, akajenga nyumba yake. Walikuwa na mambo kadhaa yanayofanana, na mojawapo lilikuwa kuwa na angalau mtu mzima mmoja, nje ya mzazi mgonjwa, aliyewajali bila kukoma. Bibi. Jirani. Mwalimu.

Huyo mtu mmoja hana haja ya shahada. Kazi yake ni ndogo na ni ngumu: asipotee. Mjomba anayempeleka mtoto kwenye mpira kila Jumamosi mwaka mzima ana thamani kuliko wajomba sita waliofika siku ya kwanza na mchele na sukari kisha wasionekane tena. Ugonjwa wa akili una tabia ya kuwafukuza wageni. Malaria ya mama huleta majirani na chupa za chai. Skizofrenia yake huwafanya wapite njia ya nyuma.

Mwalimu yuko mahali pazuri kuliko wengi, kwa sababu anamwona mtoto siku tano kwa wiki. Wengine watajitokeza wenyewe: utoro, kusinzia darasani, ngumi kwa yeyote anayemtaja mama. Huyo asichapwe kwa kuchelewa kabla hajaulizwa amelala saa ngapi. Lakini yupo mwingine ambaye ningemwangalia kwa makini zaidi, yule asiyesumbua kabisa. Daftari safi, hacheki sana, hana rafiki anayemtembelea nyumbani, na kila kikao cha wazazi ana sababu nzuri ya mzazi kutofika. Amejifunza kutokuwa mzigo. Mwite pembeni, usimwite mstarini. Usimhoji, mwambie tu kwamba umeona amechoka na kwamba ofisi yako iko wazi. Huenda akaja baada ya mwezi.

Kwa mganga, kanisani na wodini

Familia nyingi zitapita kwa mganga, kwa shehe au kwenye maombezi kabla ya hospitali, au zitakwenda kote kwa pamoja. Sioni faida ya kuwagombeza bibi na babu kuhusu majini mbele ya mtoto. Atakuwa amepata vita nyingine ya kuitazama. Dua na sala zinawatuliza wengi. Masharti ni haya: dawa za hospitali zisikatwe, mgonjwa asifungwe minyororo wala kupigwa, na mtoto asiambiwe kamwe kwamba aliyemroga mama ni fulani, au kwamba mkosi uko kwake yeye. Mtoto aliyeambiwa mama mdogo ndiye mchawi amepoteza mama na mama mdogo kwa siku moja.

Upande wa hospitali tuna la kujifunza kwa wengine. Norway, tangu Januari 2010, sheria inawataka wahudumu wa afya wamuulize mgonjwa kama ana watoto na kuhakikisha watoto hao wanapata maelezo na msaada wanaohitaji, na hospitali lazima ziwe na mfanyakazi aliyepewa jukumu hilo. Finland walitengeneza mazungumzo mafupi, mara mbili hivi, ambamo mhudumu anakaa na mgonjwa kumzungumzia mtoto wake: anaendeleaje shuleni, anapenda nini, nyumbani nini kinakwenda vizuri, wapi anahitaji msaada. Hakuna mashine wala dawa ya gharama katika hilo.

Na tusiseme ni mambo ya Wazungu wenye hela. Rwanda, mtafiti Theresa Betancourt na wenzake wa huko walichukua njia iliyobuniwa Boston na daktari William Beardslee kwa familia zenye mzazi mwenye sonona, wakaibadilisha ifae familia zinazoishi na virusi vya Ukimwi. Mshauri alikwenda nyumbani. Aliongea na wazazi, akaongea na watoto peke yao, kisha akawakalisha pamoja wasimulie historia ya familia yao, magumu waliyopitia na jinsi walivyoyavuka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha dalili za sonona kwa watoto wa familia hizo zimepungua kuliko kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida. Vijijini kwetu wako wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari wanaingia majumbani. Swali la watoto linaweza kuongezwa kwenye daftari lao.

Watoto wanaweza pia kumtembelea mzazi wodini. Muulizeni muuguzi kwanza siku ambayo mgonjwa ametulia, na mwambieni mtoto mapema atakachokiona: geti, wagonjwa wengine, mama mwenye usingizi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, safari ya Mirembe imekuwa ya saa chache. Nusu saa ya kumwona mama akiwa hai, amevaa, akila chungwa, huondoa picha nyingi mbaya kichwani.

Karatasi nyuma ya mlango

Mzazi akiwa mzima, kaeni naye na watoto muandike karatasi moja. Dalili zipi zikionekana ujue ugonjwa unarudi: halali usiku wa pili, anagawa vitu, anaacha kuoga. Apigiwe nani kwanza, na huyo asipopokea apigiwe nani. Watoto walale wapi. Kadi ya kliniki na dawa viko wapi, na mzazi anapendelea apelekwe na nani. Wengi wenye magonjwa ya akili hawana ukatili wowote, tena wao ndio wanaoonewa zaidi. Hata hivyo mtoto ajue kwamba akiogopa asibaki kumtuliza mtu, achukue wadogo zake aende kwa jirani aliyetajwa kwenye karatasi. Mkimhusisha mgonjwa kuiandika, siku ya shida hamtakuwa mnamvamia. Mtakuwa mnafuata alichokisema mwenyewe.

Familia ikishindwa, ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji itawaelekeza kwa afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali yake ya mahali. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kisha siku moja mama anarudi. Nyumba inasherehekea, na watu wanashangaa mtoto mkubwa anasimama mbali, anajibu kwa mkato, hataki kukumbatiwa. Msimlazimishe. Anamtazama aone kama ni yule wa zamani. Usiku ataamka kusikiliza kama mama amelala, na asubuhi mtamkuta na pakiti ya vidonge mkononi. Mwondoleeni kazi hiyo kwa maneno yanayosikika, mama akiwepo: kuanzia leo vidonge vinahesabiwa na mama mwenyewe, na shangazi anaangalia. Wiki za kwanza ataendelea kuvihesabu kwa kificho.